Picha za sura kwa mpiga picha wa habari anayeanza: nijifunze kwa nani, na mwanga niufanyeje?

mwanafunzi_wa_mwanga

Wakuu, habari za saa hizi. Nataka kuwa mpiga picha wa habari. Kazi ya kwanza ninayoiandaa ni sura kumi na mbili za watu wa kazi za mikono wa Tanga na Pangani: waunda mashua, mafundi cherehani, wasusi wa ukili, wachuuzi wa samaki. Kila picha mtu mmoja, na maelezo mafupi chini yake.

Nina kamera ya Canon yenye sensa (kipokea mwanga) ndogo ya APS-C, lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, na 50mm f/1.8. Fleshi sina, taa sina, msaidizi sina.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, katika waliotutangulia, ni akina nani wa kuwasoma kwa picha za sura, na niangalie nini hasa? Pili, mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe au juani, uso unatoka giza, macho hayaonekani, na nikiuinua kwenye kompyuta unajaa chembechembe. Tatu, mtu anaongea vizuri kabisa, kamera ikipanda tu anakakamaa. Majibu yakiwa marefu hakuna neno, nitasoma yote.

fundi_wa_kivuli

Naanza na la pili, maana ndilo linaloharibu picha nyingi huku kwetu na dawa yake haiuzwi dukani.

Mita ya kamera haijui kama inatazama uso au ukuta. Inachukua kila kilicho mbele yake na kukihesabu kana kwamba ni kijivu cha wastani. Ukuta mweupe ukijaza robo tatu ya fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ukuta unakuwa wa kijivu na uso unazama. Kinyume chake kipo pia: mtu mweusi ndani ya duka lenye giza, kamera inaongeza, uso unatoka kama umepakwa majivu. Kwa hiyo ondoa uamuzi huo mikononi mwa kamera.

Weka M, yaani unaamua mwanga mwenyewe. Chagua upimaji wa nukta, elekeza katikati ya kioo kwenye shavu linalopata mwanga, zungusha gurudumu mpaka alama ya mita ikae sifuri. Mtu akiwa maji ya kunde, acha hapo. Akiwa mweusi sana, punguza theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), kwa sababu sifuri ni kijivu cha wastani, na ngozi nyeusi inatakiwa ibaki nyeusi huku ikionyesha kila mstari wake. Canon kadhaa za bei ya chini hazina upimaji wa nukta, zina wa sehemu ya katikati. Hizo sogea mpaka uso ujaze katikati, pima, rudi nyuma, piga. Ukishapima usiguse kitu mpaka mwanga wenyewe ubadilike, hata kama mita inakulalamikia ukirudi nyuma na ukuta ukaingia kwenye fremu.

Sasa mahali pa kumweka. Tanga iko karibu na ikweta. Mwezi wa Machi na wa Oktoba jua la saa sita mchana linakaa karibu kabisa na utosi. Paji la uso linawaka, mashimo ya macho yanajaa kivuli, na pua inaangusha kivuli mdomoni. Hakuna mpangilio wa kamera unaotibu hilo. Mtoe juani. Mweke kwenye ukingo wa kivuli: barazani, mlangoni, chini ya paa la banda, uso ukielekea nje kwenye anga lililo wazi. Hatua moja ndani ya mlango inatosha. Ukimwingiza mita tatu ndani, mwanga unakuwa umeshaanguka sana na itabidi upandishe ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga), ndiyo chembechembe zako hizo.

Mwambie ageuze kiwiliwili kidogo kutoka mlangoni, kisha arudishe uso kwako. Tazama kitu kimoja tu: je, kila jicho lina kidoa cha mwanga ndani yake? Kama jicho la upande wa giza halina, mgeuze polepole kuelekea mlango mpaka kiwake. Hapo ndipo pa kusimama.

Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao. Mwanga mpana, kama anga zima linaloingia mlangoni, unachora mng'ao mrefu laini juu ya mfupa wa shavu, kando ya pua na kwenye taya. Jua kali linatoa vidoa vidogo vyeupe vilivyokatika ghafla. Jasho likizidi, kitambaa cha pamba: abonyeze, asisugue, na asikaushe lote. Fundi aliye kazini anatoka jasho, hiyo ni sehemu ya habari.

Angalia na rangi. Chini ya mwembe uso unachukua kijani cha majani, na matone ya jua yanapenya yakatua shavuni. Sogea nje kidogo ya mwavuli wa mti. Udongo mwekundu wenye jua mbele ya baraza unapaka wekundu chini ya kidevu. Mchanga mweupe wa ufukweni ni msaada mkubwa: mtu akiwa kivulini, mita moja au mbili kutoka kwenye mchanga wenye jua, mwanga unapanda na kumulika hadi chini ya ukingo wa kofia.

Pasipo na mchanga, karatasi nyeupe ya manila. Iegemeze kwenye kiti upande wa giza, sentimita 60 hadi mita moja kutoka usoni. Karatasi ya kung'aa ya jikoni iache: inapiga kama kioo, macho yanakunjamana. Na kama ndani kuna taa ya tyubu inawaka, omba izimwe. Nusu ya uso ikiwa ya samawati ya dirisha na nusu ya kijani ya tyubu, hutaisawazisha.

Mipangilio ya kuanzia: tundu la lenzi f/4, shata 1/200 ya sekunde, ISO 400 hadi 800. Hiyo f/1.8 inavutia lakini hesabu zake ni mbaya. Kwa sensa yako, 50mm, mtu akiwa mita moja, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 3 tu. Kope zitakuwa kali, ncha ya pua na masikio yameyeyuka, na mtu akipumua tu jicho limetoka kwenye ukali. Kwa f/4 ukiwa mita moja na nusu unapata kama sentimita 14, yaani uso mzima. Tumia nukta moja ya fokasi, uiweke yenyewe kwenye jicho lililo karibu nawe. Usifokasi kwa nukta ya katikati halafu ukageuza kamera, maana ukigeuza, ukali unahama nyuma ya jicho.

chumba_cha_giza

Fundi kamaliza la mwanga. Mimi nichukue la kwanza.

Anza na Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio mwaka 1948, na hali yake ilikuwa kama yako: uani, mwanga wa jua mara nyingi, kamera ya sahani za sentimita 13 kwa 18, na kwa kawaida picha moja tu kwa mteja kwa sababu filamu ni ghali. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake lenye nakshi. Alibadili mapazia kila baada ya miaka michache, na leo mapazia hayohayo ndiyo yanayosaidia kukadiria mwaka wa picha. Ukimtazama, acha uzuri wa nguo kwanza. Angalia mikono. Mara chache utaona mkono unaning'inia. Umeshika kitu, umelala gotini, uko kwenye bega la mwenzake. Halafu angalia mabega: mara nyingi kiwiliwili kimekwenda upande, uso umerudi, kichwa kimeinama kidogo tu. Chukua picha zake kumi, chora mistari miwili kwenye kila moja, mmoja wa mabega na mmoja wa macho. Mistari hiyo ikienda sambamba picha inatulia mno kama ya pasipoti. Ikipishana kidogo inapata uhai.

Wa pili ni James Barnor wa Ghana, na kwa mtu wa habari huyu ni muhimu kuliko wote. Alikuwa na studio yake ya Ever Young mjini Accra miaka ya 1950, na wakati huohuo alipiga picha za gazeti la Daily Graphic na jarida la Drum. Ndani ya mtu mmoja unaona kazi zote mbili zikilishana: mkono wa studio unampa usafi wa fremu mtaani, na jicho la mtaani linazuia picha za studio zisiwe za mbao.

Huku kwetu usiwapite N. V. Parekh wa Mombasa na Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Zitazame picha hizo kwa ajili ya nguo za Waswahili: namna buibui, kanzu na koti vinavyopewa mwanga bila kuwa doa moja jeusi au jeupe.

Kwa swali la tatu, mtazame Mmarekani Richard Avedon alipofanya kazi ya magharibi mwa Marekani, 1979 hadi 1984. Alitundika karatasi nyeupe kivulini na kusimama kando ya kamera kubwa, si nyuma yake. Anayepigwa alikuwa anatazamana na mtu. Wewe unaweza kufanya hivyo kwa tripodi na waya wa shata. Ukikosa waya, weka kihesabu cha sekunde 2, na endelea kuongea naye huku ukibonyeza.

Ushauri wangu: tundika shuka moja la kijivu au la kaki, pigia watu wote kumi na wawili mbele yake. Mfululizo utashikana.

dada_wa_Mkunazini

La kukakamaa lina sababu yake, na mara nyingi ni kwamba mtu hajui unataka nini. Umemsalimu haraka, umeinua kamera, umenyamaza. Ukimya wa mpiga picha unamfanya mtu ahisi amekosea.

Fika bila kamera mkononi. Salimia kwa mpangilio wa watu waliopo: mkubwa kwanza, shikamoo yake, kisha wengine, na kama kuna mwenye banda au nahodha, ndiye unayemweleza shida yako kabla hujamgusa kibarua wake. Sema mambo manne kwa maneno ya kawaida: wewe ni nani, picha ni za nini, zitatokea wapi (sema pia kama zitawekwa mtandaoni, maana gazeti na mtandao si kitu kimoja kwa watu wengi), na itachukua muda gani. Dakika kumi ni ahadi nzuri. Usiahidi pesa wala msaada.

Kisha mwache afanye kazi yake dakika tano, utazame mikono. Msusi wa ukili ana namna ya kuvuta miyaa kwa kidole gumba huku mwisho wa ukili kaushika kwa vidole vya mguu. Ukimwambia "bibi, simama hapo utabasamu" umemtoa kwenye mwili wake. Mwambie aendelee, kisha umwombe, "Hapo hapo, nitazame mara moja." Anapoinua uso bila kubadili mikono, ndiyo picha. Piga tatu, nne, acha arudi kwenye kazi, rudia baada ya dakika mbili.

Maelekezo yawe ya kitu kinachofanyika. "Egemea nguzo." "Weka uzito mguu wa kushoto." "Toa pumzi." Kuambiwa "kaa kawaida" hakumsaidii mtu. Na muonyeshe fremu moja nyuma ya kamera mapema, ajue hujamdhalilisha.

Kwa wanawake wa pwani: wapo watakaokubali mikono na kazi tu, si sura. Uliza hivyo waziwazi, "Unapenda nipige na uso au mikono tu?" Nguo nayo, mpe nafasi ajitengeneze mtandio kabla hujainua kamera. Mtoto chini ya miaka 18, ruhusa ni ya mzazi au mlezi aliyepo, si ya jirani. Na ukisema utaleta nakala, ilete. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inatosha kabisa.

mwanafunzi_wa_mwanga

Nashukuru sana wote. Nimekwama kwa moja: mzee kavaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, naye ni mweusi sana. Nikipima shavu kama fundi alivyosema, kanzu inaungua. Nikiokoa kanzu, uso unapotea.

fundi_wa_kivuli

Swali zuri. Kwenye mwanga uleule, kitambaa cheupe na ngozi nyeusi vinapishana stopu tatu hivi, wakati mwingine zaidi. Hilo sensa yako inalibeba kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera. Kinachokushinda ni kanzu kuwa na mwanga wake na uso mwanga wake: miguu na tumbo viko kwenye jua la barazani, uso uko kivulini. Mvute nyuma mpaka kanzu yote iingie kivulini, hata vidole vya miguu. Tatizo nusu limekwisha.

Washa onyo la sehemu zilizoungua, zile zinazopepesa nyeusi kwenye kioo. Pima shavu, piga moja, tazama. Ikipepesa kola na darizi za kofia, punguza theluthi moja moja mpaka darizi zisomeke. Kwa kawaida theluthi mbili zinatosha, na uso unaurudisha kwa kuinua vivuli kidogo bila chembechembe za kutisha kwa sababu uko ISO 400. Kama bado, ile manila isogeze karibu na uso, sentimita 50, lakini juu ya kifua, isimulike kanzu. Na ikiwezekana akae mkao wa robo tatu, bega la mbali na mlango likiwa upande wako, kanzu ipate kivuli kwenye mikunjo. Kanzu iliyopigwa mwanga kutoka mbele kabisa inakuwa shuka, hata ikiwa na mwanga sahihi.

meza_ya_picha

Nimefuatilia uzi wote. Naongezea upande wa chumba cha habari, na kuna mahali napingana na chumba_cha_giza.

Shuka la kijivu kwa watu kumi na wawili linafaa maonyesho. Kwa habari, nyuma ya mtu ndipo penye habari. Mpiga picha Gordon Parks mwaka 1942 alimpiga Ella Watson, mfanya usafi wa ofisi za serikali mjini Washington, akiwa na fagio na mopu ya kupigia deki mbele ya bendera ya Marekani. Ukiitoa bendera hiyo ukaweka shuka, hakuna picha. Na alizungumza naye kwanza kuhusu maisha yake, kisha akaendelea kumfuata nyumbani na kanisani. Kwa hiyo fundi wa Pangani mpige na mbavu za mashua nyuma yake, 18-55 ikiwa kwenye 35mm hivi, umbali wa mita moja na nusu hadi mbili, f/5.6. Usisogee nusu mita kwa 18mm. Umbali huo unakuza pua na kupunguza masikio. Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye kingo nne za fremu na juu ya kichwa chake. Mlingoti unaoota utosini ndio kosa ninaloliona kuliko yote, na hatua moja ya kando inalitibu. Ile 50mm ibaki kwa picha moja ya karibu ya kila mtu. Mhariri atataka zote mbili, na ya wima na ya kulala.

Sasa maelezo ya picha. Hapa wengi wenye picha nzuri wanakataliwa. Dorothea Lange alipiga picha maarufu ya mama mhamiaji kule Nipomo, California, Machi 1936, bila kumwuliza jina. Mama huyo, Florence Owens Thompson, alijulikana mwaka 1978, miaka 42 baadaye, na familia yake ilikanusha jambo lililoandikwa kwamba waliuza matairi ya gari ili wapate chakula. Steve McCurry alimpiga msichana Mwafghani kwenye kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, Pakistan, mwaka 1984. Sura ikaenda dunia nzima mwaka 1985, jina lake, Sharbat Gula, likapatikana mwaka 2002. Hao ni wapiga picha wakubwa na kazi zao nazipenda, lakini pengo hilo usilirudie.

Utaratibu: kabla hujafungua kamera, rekodi kwa simu mtu akitaja mwenyewe jina lake lote, umri, kazi, na kijiji au mtaa. Mwombe akutajie herufi, au aandike kwenye daftari. Mwinyihaji au Mwinyi Haji? Hamisi au Khamis? Usikisie. Kisha piga fremu moja ya ukurasa huo wa daftari kabla ya picha zake, ili jina na picha visiachane ukiwa na watu wanne kwa siku. Jioni ileile ingiza maelezo ndani ya faili, kwenye sehemu za maandishi zinazoitwa IPTC. Programu ya bure kama digiKam inafanya hivyo. Sentensi ya kwanza: nani, anafanya nini, wapi, tarehe. Ya pili: kwa nini tunamtazama. Kama umemwomba akutazame, usiandike kama vile umemkuta hivyo.

Jihadhari na saa. Weka saa ya kamera sawasawa. Ukiambiwa samaki wanashushwa "saa nane", andika saa nane mchana. Ukimtumia mhariri wa nje, iandike 14:00. Makosa ya tofauti ya saa sita kamili huwa yanatokana na hapo.

Kuhariri: mwanga, utofauti, rangi, kukata kingo. Basi. Usifute waya, usifute mtu wa pembeni, usilainishe ngozi. Lange aliagiza kidole gumba kilichoshika mlingoti wa hema kififizwe kwenye negativu, na hadi leo kinajadiliwa. Mwaka 2015 mashindano ya World Press Photo yaliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho kwa sababu ya kuhaririwa kupita kiasi. Mwaka huohuo shirika la habari la Reuters liliwataka wapiga picha wa kujitegemea watume JPEG zilizotoka kwenye kamera, si zilizotengenezwa kutoka RAW. Kwa hiyo weka kamera irekodi vyote viwili, na ile RAW usiifute. Ndiyo ushahidi wako.

mwanafunzi_wa_mwanga

Nimeelewa, nitapiga pana na ya karibu kwa kila mmoja. La mwisho: mtu kakubali, nimepiga, baada ya siku mbili anapiga simu anasema hataki tena. Nifanyeje?

dada_wa_Mkunazini

Kama haijachapishwa, itoe. Huyu ni fundi wa mtaani, si kiongozi aliyepigwa kwenye mkutano wa hadhara. Mwulize kwanza kwa upole kinachomsumbua, maana pengine ni mtandao tu na gazeti hana neno nalo, au anataka umri usiandikwe. Lakini akisema hapana, ni hapana.

meza_ya_picha

Naunga mkono. Na sheria zipo: Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya mwaka 2019. Kazi ya habari ina nafasi yake ndani ya sheria hizo, lakini sura ya mtu ikiambatana na jina na mtaa wake ni taarifa binafsi, kwa hiyo ile sauti ya ruhusa kwenye simu itunze pamoja na RAW, kwenye folda moja yenye jina lake na tarehe. Na kwa kuwa mtu anaweza kujitoa, piga watu kumi na watano, si kumi na wawili.